Kukausha mchicha: juani, kivulini au draya ya sola? Na kuchovya maji ya moto ni lazima?

Kijani_Kibichi: Wakuu habari zenu. Nalima mchicha, ukishamiri unakuwa mwingi mpaka unaniharibikia, maana jani lenyewe karibu lote ni maji, likilala siku moja tu limeshanyauka. Nataka kukausha nisage unga. Njia ninazozijua ni kuanika juani, kuanika kivulini au kutengeneza draya ya sola, halafu kuna hii habari ya kuchovya majani kwenye maji yanayochemka kabla ya kuanika, wengine wanasema ni lazima, wengine wanasema unaua vitamini zote. Nia yangu ni lishe, mtoto akiwekewa kijiko kwenye uji kimfae kweli. Naombeni mnisaidie kulinganisha.

Mama_Shamba: Juani achana nako. Nilianika hivyo muda mrefu kwa kuona ni rahisi, yanakauka haraka kweli lakini yanapauka, ukisaga unapata unga wa rangi ya majani makavu ya mti. Kivulini rangi inabaki ila hali ya hewa ikiwa ya mawingu siku mbili tatu unakuta ukungu. Nimeshamwaga ndoo nzima na iliniuma sana.

Maabara_Ndogo: Dada Mama Shamba kasema kweli na sababu ipo. Betakarotini, ile ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, inaharibiwa na mwanga na hewa. Jani likipauka, ujue na hiyo inaondoka. Draya nzuri ni ile ambayo jua linapasha hewa kwenye boksi la pembeni, hewa ya moto inapanda kwenye trei zilizofunikwa, majani yenyewe hayaoni jua kabisa. Nyuzi 50 mpaka 60 zinatosha.

Sasa kuchovya. Jani likishakatwa bado liko hai mkuu, vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ndani ya jani, vinaendelea kufanya kazi, vinakula rangi, harufu na hiyohiyo betakarotini, na unga ukipata unyevu kidogo tu vinaendelea hata ukiwa kwenye kopo. Maji yanayochemka dakika 1 mpaka 3 yanavizima, kisha unayatupia majani kwenye maji baridi. Maabara tunapima kwa kudondoshea dawa mbili, guayakoli na haidrojeni peroksaidi, jani likigeuka rangi ya kahawia nyekundu ujue kimeng'enya cha peroksidesi bado kinafanya kazi, hukuchovya vya kutosha. Hasara yake ni vitamini C, inayeyuka kwenye maji na haistahimili moto, utapoteza nyingi. Yaani unatoa C unalinda A. Kwa unga wa uji mimi nachovya, C mtoto ataipata kwenye matunda.

Jembe_Moja: Hapo kwenye maji mimi nabisha kidogo. Natumia mvuke, majani kwenye chujio juu ya sufuria, nafunika. Vimeng'enya vinakufa na vitamini haziendi na maji, kwa nini mtu amwage virutubisho?

Maabara_Ndogo: Kwa C uko sahihi kabisa mkuu, mvuke unapoteza kidogo. Ila huu ni mchicha, una oksaleti, kemikali ya asili ya jani inayokamata kalsiamu, mwili unashindwa kuichukua. Sehemu inayoyeyuka inatoka na maji ukiyamwaga, kwenye mvuke nyingi inabaki palepale. Na ukikausha kila kitu kinajikusanya, kizuri na kibaya, kijiko cha unga ni majani mengi sana yale.

Jembe_Moja: Hilo la oksaleti sikuwahi kuliwaza, asante.

Bustani_Daima: Wadau mbona mmeanzia jikoni?? Jani linaharibika au kutengenezwa shambani. Ukimwaga mbolea ya naitrojeni nyingi halafu mmea upo kivulini, naitreti, yaani naitrojeni ambayo mmea umeinyonya ila haujaitumia, inajazana kwenye jani na hasa kwenye vikonyo, na hiyo kwa watoto wadogo sana ni hatari. Mchicha ni mmea wa kundi la C4, yaani mimea inayotengeneza chakula chake vizuri kwenye jua kali na joto, upe. Vuna jua likianza kushuka, sio alfajiri, maana mwanga wa mchana unausaidia mmea kuitumia ile naitreti. Vikonyo vinene toa. Na naitreti nayo inatoka na maji ya kuchovya, kwa hiyo hapo namuunga mkono Maabara.

Mama_Shamba: Na magadi soda je, nikiweka kidogo rangi inang'aa sana.

Maabara_Ndogo: Usiweke dada yangu. Inang'aa kwa sababu magadi yanazuia asidi isigeuze klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, kuwa kahawia, lakini yanamaliza vitamini C na B1 na jani linalegea kama uji.

Kijani_Kibichi: Nimewaelewa, nakwenda na draya na kuchovya, maji namwaga. Nitajuaje limekauka vizuri?

Mama_Shamba: Liponde mkononi, lilie kama karatasi, kikonyo kikipindishwa kivunjike, kikipinda tu rudisha. Liache lipoe kabisa ndipo ufunge, ukifunga la moto linatoa jasho humo ndani na ukungu unaanza. Kopo lisipitishe mwanga. Na uji utie mafuta kidogo au karanga, betakarotini bila mafuta mwili hauipati vizuri.

Kijani_Kibichi: Sawa mama. Trei moja nitaiacha bila kuchovya, niziweke kopo mbili pamoja kabatini miezi mitatu nione rangi na harufu. Nitaleta mrejesho hapahapa.