Mwili wote unauma, nataka kwenda kualishwa mgongo Mombasa. Nishaurini

UaLaLangoni:
Assalam alaykum ndugu zangu. Niko Lamu, nina watoto. Mwili unaniuma wote: mabega, kiuno, mapaja, hata mtoto akinishika mkono naona kero. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Jikoni nasimama nimesahau nilichofuata. Damu nimepimwa, eksirei nimepigwa, zote safi. Mwisho daktari wa Mombasa akanambia ni faibromayalgia. Nyumbani wanasema nadeka, hakuna ugonjwa usioonekana. Sasa nimesikia kuna kairoprakta, tabibu anayenyoosha na kualisha uti wa mgongo kwa mikono mpaka ulie ka. Aliyewahi kwenda anambie: yafaa? Yauma?

MzeeWaBoriti:
Pole mwanangu. Mimi mgongo uliniharibika ujanani kwa kupakia boriti za mikoko jahazini. Kulikuwa na mkandaji Mkomani, Mungu amrehemu, akanilaza mkekani akanikanda kwa mafuta ya simsim mpaka nikalia. Asubuhi nikarudi kazini. Boriti zile zilikuwa zikifika Uarabuni, si kama siku hizi. Tafuta mkandaji, uache kupoteza nauli.

BintiFaza:
Dada, umesomewa? Kitu kisichoonekana kwenye mashine huenda ni jicho. Na simu usiku uiweke mbali.

MuuguziMstaafu:
Bi Ua, hudeki. Faibromayalgia ipo, na huwapata wanawake zaidi. Misuli haikuoza wala viungo havikuvimba. Ni ubongo na neva zinazoupokea mguso mdogo na kuufanya maumivu, ndiyo maana eksirei haioni kitu. Kwa utaratibu wa 1990 daktari alibonyeza sehemu 18 za mwili, 11 zikiuma ndipo akasema ndiyo. Mwaka 2010 ukaja utaratibu mwingine: huulizwa maumivu yameenea wapi, usingizi, uchovu, kusahau, na yawe yamedumu miezi 3 au zaidi. Kabla sijakujibu la mgongo, unameza dawa gani?

UaLaLangoni:
Ahsante sana. Za kawaida tu za maumivu. Nilichouliza ni kuhusu kairoprakta.

MuuguziMstaafu:
Za kawaida ni zipi? Nitajie majina.

KijanaWaMokowe:
Mwacheni mama wa watu aende. Mimi bibi akinialisha vidole tu, usingizi hapo hapo 😂

UaLaLangoni:
Ni vidonge vidogo vya dukani, prednisoloni. Navimeza tangu mwanangu wa mwisho hajaanza chuo cha Kurani. Vinanipa nguvu ya kufua na kupika, nisipomeza siinuki. Na kwa kuwa mnauliza kila kitu, mwaka jana nilijikwaa barazani nikavunjika kifundo cha mkono, na wallahi sikuanguka vibaya. Lakini sioni mkono na vidonge vinahusiana vipi na mgongo. Pesa za miadi nishatuma. Mume wangu amekubali kwa taabu, siwezi kurudi nyuma.

MuuguziMstaafu:
Vinahusiana sana. Prednisoloni ni ya uvimbe, na faibromayalgia si uvimbe, kwa hiyo haikutibu. Ukiimeza muda mrefu hudhoofisha mifupa. Mtu anayejikwaa kidogo akavunjika mkono anatakiwa apimwe mifupa kwanza, kabla mtu yeyote hajamsukuma mgongo kwa nguvu, kwani pingili dhaifu huweza kuvunjika. Na shingo, hata kwa mwenye mifupa mizima, ikizungushwa ghafla, kwa nadra mshipa wa damu huchanika na kuleta kiharusi. Kairopraktiki ilianzishwa na Palmer, Marekani, 1895. Wenye maumivu ya kawaida ya kiuno wapo wanaopata nafuu. Kwa faibromayalgia ushahidi ni hafifu.

Tena usiviache vidonge kwa ghafla! Ni kama homoni ambayo mwili hujitengenezea, nao umezoea kuletewa kutoka nje, ukikatiza unaweza kuzimia. Daktari avipunguze kidogo kidogo.

MtuWaMkomani:
Samahani, mimi naona hii imepangwa kama tamthilia. Akaunti ya jana. Kwanza hadithi, kisha vidonge, kisha mkono. Ama ni tangazo la kairoprakta, ama Ua na Muuguzi ni mtu mmoja anajiuliza na kujijibu. Weka picha ya vidonge.

BintiFaza:
Hata mimi nilishangaa. Mama wa Langoni gani hajui mkandaji?

UaLaLangoni:
Ningekuwa nauza ningetaja jina na bei. Nimefungua akaunti jana kwa sababu jana nililia chooni watoto wasinione. Picha siweki, duka ni la jirani yetu.

BabaSwaleh:
Awe mkweli, awe mwongo, mimi nimeondoka hapa na hofu. Mke wangu anameza vidonge hivyo hivyo kwa magoti, na amefura uso. Nilidhani amenenepa. Muuguzi, nifanyeje?

MuuguziMstaafu:
Baba Swaleh, mpeleke hospitali wiki hii na karatasi ya vidonge mkononi. Wampime presha na sukari, kwani dawa hiyo hupandisha vyote viwili. Asiache peke yake.

Bi Ua, kuna zinazosaidia kweli. Amitriptilini ya dozi ndogo usiku hurekebisha usingizi, aandike daktari. Na mazoezi: mapendekezo ya wataalamu wa Ulaya ya 2017 yaliyapa uzito wa juu mazoezi tu, si tiba nyingine. Anza na mwendo mfupi ufuoni kuelekea Shela, jua halijakaza, ukichoka urudi.

UaLaLangoni:
Kwenda Mombasa nitakwenda, nimeshalipa. Shingo nitamwambia asiiguse.

MuuguziMstaafu:
Mpigie kabla hujapanda boti. Mwambie prednisoloni, mwambie mkono uliovunjika, kisha umuulize atafanya nini kwa mgongo wako bila kuualisha. Akikwambia hayo si kitu, pesa zako zimekwenda, wewe usiende. Siku hiyo hiyo ya Mombasa mwone yule daktari aliyekupa jina la ugonjwa. Alijua kama unameza vidonge hivyo?

UaLaLangoni:
Hakuniuliza.