Propela ya kompositi ya pichi moja kwa RV-9A, O-320 hp 160: pichi gani na kipenyo gani?

rivetimoja

Habari wakuu. RV-9A yangu (ndege ndogo ya kujiundia) imefika hatua ya koulingi (kifuniko cha injini), na lazima propela iagizwe kabla ya kukata mwanya wa spina (kofia ya mbele ya propela). Injini ni Lycoming O-320 ya hp 160, mgandamizo 8.5:1, magneto moja na ignisheni moja ya elektroniki. Ndege italala uwanja wa Wilson, Nairobi, futi 5,546 juu ya usawa wa bahari. Safari nyingi ni za Malindi na Lamu, watu wawili na mizigo, na viwanja vya murram mara mojamoja.

Propela ya kubadilisha pichi (inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) angani haimo kwenye bajeti, na ya alumini nimeiacha kwa sababu ya uzito. Nataka ya kompositi (faiba na epoksi), pichi moja. Maswali:

Kwa injini hii wengi hufunga ya alumini, kipenyo inchi 70, pichi 79. Niagize namba hizohizo za kompositi?

Kwa kuwa Wilson iko juu, nipunguze pichi kwa inchi ngapi?

Mapanga mawili au matatu? Na ufungaji una tofauti gani na ule wa alumini?

mzunguko2700

Mkuu, usiagize namba hizohizo. Kosa hilo ndilo linalopoteza fedha za watu wengi zaidi.

Namba ya pichi hailingani kati ya watengenezaji. Kwa kawaida hupimwa pembe ya upande bapa wa panga, ule unaomtazama rubani, kwenye asilimia 75 ya urefu kutoka kitovuni, kisha pembe hiyo hugeuzwa kuwa inchi. Lakini panga lina umbo la bawa. Huvuta hata pale upande bapa unapokutana na hewa kwa pembe ya sifuri, na likiwa limepinda zaidi mgongoni huvuta zaidi. Kwa hiyo propela mbili zilizoandikwa pichi tofauti kwa inchi kadhaa zinaweza kufanya kazi ileile.

Angalia hesabu. Kwa mizunguko 2,700 kwa dakika, kila inchi ya pichi ni noti 2.22. RV-9A ya hp 160, throto wazi kabisa kwenye futi 8,000, huenda noti 160 na kitu hivi. Chukua 162, gawanya kwa 2.22, unapata 73. Yaani kila propela inapozunguka mara moja, ndege imesonga inchi 73. Propela iliyoandikwa 79 inateleza inchi 6. Nyingine iliyoandikwa 70 inaonekana kama inafanya muujiza, kumbe ni namna ya kupima tu. Ukikopa "79" ya alumini ukampelekea mtengenezaji wa kompositi, unaweza kuletewa propela ambayo haitafika 2,500 hata ukisukuma throto (mkono wa kuongeza nguvu) mpaka ukutani.

Kuhusu Wilson, hapa wengi huchanganya mambo mawili. Hewa nyembamba huipunguzia injini nguvu, ni kweli, lakini pia huipunguzia propela mzigo, na viwili hivyo hushuka karibu sambamba. Fanya hesabu ya mchana wa nyuzi 28: kimo cha msongamano (kimo ambacho hewa ya kawaida ingekuwa nyembamba kiasi hicho) hapo Wilson ni kama futi 8,400. Msongamano wa hewa ni asilimia 78 hivi ya ule wa usawa wa bahari, na nguvu ya injini isiyo na tabo (pampu ya kusukumia hewa injini) ni asilimia 75 hivi. Tofauti kati ya 78 na 75 ndiyo pekee inayoonekana kwenye takometa (saa ya mizunguko). Propela inayotoa mizunguko 2,250 ndege ikiwa imesimama Malindi itatoa kama 2,210 Wilson. Mizunguko 40 tu, ambayo ni sawa na inchi moja ya pichi.

Kwa hiyo usipunguze pichi kwa kudhani kwamba mizunguko itaanguka. Sababu ya kupunguza kidogo ni nyingine: akiba ya nguvu wakati wa kuruka. Kwenye kimo kile, hp 160 imebaki 119 ikiwa injini inazunguka 2,700. Lakini mwanzo wa runwei haizunguki 2,700. Ikiwa propela ni ya mwendo wa safari tupu, tuseme 2,110 ukiwa umesimama, unavuta kwa hp 93 tu. Ikiwa ni 2,256, unapata 99. Hp 6 si nyingi ukiwa peke yako asubuhi na mapema. Watu wawili, tangi zimejaa, saa saba mchana, utaziona.

Shabaha ninayopendekeza: throto wazi kabisa, ndege sawa angani, kimo cha msongamano futi 8,000, takometa isome 2,700 kamili. Ukiwa umesimama, iwe kati ya 2,200 na 2,300. Pwani chini utaweza kuipitisha 2,700 ukiiacha throto wazi, kwa hiyo utairudisha nyuma kidogo. Hilo si kasoro, ndiyo gharama ya pichi moja.

Usimpelekee mtengenezaji pichi. Mpelekee hali yako yote: modeli ya injini na mgandamizo, aina ya ignisheni, uzito mtupu na wa juu kabisa, urefu wa spesa (kipande cha kutenganisha) kati ya flanji (sahani ya injini inayobeba propela) na propela, kipenyo cha spina, kimo cha kiwanja chako na joto lake, na kasi *halisi* ya ndege za aina hiyo zenye injini hiyo. Sisitiza "halisi". Mtu akiandika kasi anayoiota, hupewa pichi ndefu, halafu ndege haifiki kasi hiyo kwa sababu pichi ndefu inaizuia injini kutoa nguvu zake.

fundi_faiba

Naongezea upande wa muundo na ufungaji.

Propela nyingi za pichi moja zinazoitwa "za kaboni" zina kiini cha mbao ngumu, mara nyingi mepo iliyogandishwa matabaka, kisha ikavishwa faiba na kaboni kwa epoksi. Ngozi inabeba kazi kubwa, lakini kitovu, pale bolti zinapopita, bado ni mbao. Kila tofauti ya ufungaji inatoka hapo.

Kwanza, toki (nguvu ya kukaza bolti). Usitumie namba ya propela ya alumini hata siku moja, maana utaziponda nyuzi za mbao. Fuata karatasi iliyokuja na propela yenyewe, na hakikisha bamba la kubana la mbele lipo, ili nguvu ya bolti isambae kitovu kizima. Kaza kwa mpangilio wa nyota, raundi tatu au nne, ukipanda kidogokidogo.

Pili, kabla ya toki ya mwisho pima urefu wa bolti. Bolti ikigota mwisho wa nyuzi zake kabla haijabana, spana itakwambia toki imefika ilhali propela imelegea. Propela hupokea nguvu ya injini kwa msuguano wa uso wake na flanji, si kwa bolti peke yake. Ikilegea husuguana na flanji, hupata joto, na mbao huungua. Dalili ni weusi au unga wa kahawia nyuma ya kitovu. Ukiona hivyo, propela hiyo isiruke tena mpaka aliyeitengeneza aikague.

Tatu, njia ya ncha. Magneto zimezimwa, ignisheni ya elektroniki imekatwa umeme, magurudumu yamezuiwa, plagi moja ya kila silinda imetolewa. Weka boksi zito liguse ncha ya panga moja kwa nyuma, zungusha polepole, pima panga la pili linapita wapi. Milimita 1.5 ni nzuri, 3 ndio mwisho. Ikizidi, mara nyingi ni rangi au uchafu kwenye flanji, au bolti zimekazwa bila mpangilio. Usianze kuweka karatasi chini ya kitovu kabla ya kusafisha na kukaza upya.

Mapanga mawili au matatu: kwa O-320 mawili yanatosha kwa nguvu. Matatu hutulia zaidi kwa mtikisiko, na kipenyo kikiwa kidogo unapata nafasi zaidi chini ya ncha. Kwa gurudumu la pua, kanuni ya ndege za cheti ni inchi 7 angalau, nami naiona kipimo kizuri hata kwa za kujiundia, hasa kwenye murram. Hasara ni kwamba koulingi ya chini inakuwa kazi kuitoa, na kusafirisha propela nzima yenye pembe tatu ni gharama. Mimi kwa matumizi yako ningechukua mawili, inchi 68 hadi 70.

Uzito sasa, na hapa fanya hesabu kabla ya kuagiza. Ukitoa kilo 11 puani (tofauti ya kawaida kati ya alumini na kompositi), mita 1.9 mbele ya kitovu cha uzito, ndege ya kilo 790 iliyojaa inasogea nyuma karibu sentimita 2.7. Kwa watu wawili na mizigo nyuma ya viti, hiyo inaweza kukula nafasi yote ya mizigo. Dawa ni kusogeza betri mbele ya ukuta wa moto (ukuta kati ya injini na chumba cha rubani), au kufunga pete ya uzito mbele kwenye sahani ya gia ya stata. Pete ina faida ya pili: propela nyepesi haiisaidii injini kupita kwenye mgandamizo, kwa hiyo mzunguko wa chini unakuwa wa kutetemeka na injini inaweza kuzima unapofunga throto ghafla. Bila pete utalazimika kuweka mzunguko wa chini karibu 800, na ndege itaelea zaidi wakati wa kutua.

rivetimoja

Asanteni sana wakuu. Sikuwa nimepiga hesabu ya kitovu cha uzito kabisa, naifanya leo. Mawili zaidi: nitajuaje kwamba pichi niliyopewa ni sahihi? Na unyevu wa Pwani dhidi ya ukavu wa Nairobi unaathiri kiasi gani?

kimo_halisi

Jaribio kwanza. Usiiamini takometa. Kosa la mizunguko 50 au 100 ni jambo la kawaida, na hilo ni sawa na inchi mbili za pichi. Ihakikishe kwa takometa ya mwanga, ndege imefungwa, kwenye 1,500, 2,000 na throto wazi. Pua ielekee upepo mdogo, kwa sababu upepo wa noti 15 unapandisha namba.

Angani: panda mpaka kimo cha msongamano futi 8,000 (kihesabu kwa shinikizo na joto, usisome altimita tu), throto wazi, punguza mafuta kwa mchanganyiko wa nguvu kubwa zaidi, iache ndege itulie dakika mbili au tatu. Andika mizunguko, shinikizo la manifoldi (la hewa inayoingia kwenye injini), joto la nje na kasi ya GPS kwa pande tatu. Halafu andika mizunguko wakati wa kupanda kwa kasi bora. Zipeleke namba zote mbili kwa mtengenezaji.

Ukipata 2,550 badala ya 2,700, pichi imezidi kwa kama inchi nne, na umepoteza karibu asilimia 6 ya nguvu. Ukipata 2,780, imepungua kwa inchi mbili. Baadhi ya watengenezaji hurekebisha pichi kwa kuchonga na kuvisha upya, kwa hiyo uliza *kabla ya kulipa* kama huduma hiyo ipo na nani analipia usafiri wa kwenda na kurudi. Kwa mtu aliye mbali na kiwanda, mizigo ya ndege mara mbili inaweza kukaribia nusu ya bei. Hapo ndipo natofautiana kidogo na wenzangu: kwa ndege mpya ambayo kasi yake halisi bado haijulikani, fikiria propela ya kompositi ya kurekebishwa ardhini. Angani nayo ni pichi moja, lakini inchi mbili unazirekebisha mwenyewe hangani.

Unyevu: ngozi ya faiba huzuia mengi, ila matundu ya bolti na tundu la katikati ndiyo milango. Yafunge kwa epoksi nyembamba au vanishi kama kiwandani hawakufanya hivyo. Mbao ikivimba Lamu inajibana kwenye bolti na nyuzi zake zinapondeka kidogo. Ukirudi sehemu kavu inanywea, na ule mbano haurudi. Kwa hiyo kagua toki baada ya kuruka mara ya kwanza, saa 10, saa 25, kisha kila saa 50, na pia baada ya kuiacha Pwani wiki kadhaa. Ondoa waya wa usalama kwanza, legeza kila bolti kidogo, ndipo ukaze upya. Ukijaribu bolti bila kuilegeza, msuguano wa nyuzi utakudanganya. Ukiegesha, panga zilale mlalo ili maji yasishukie upande mmoja na kuharibu mizani.

Mvua: matone kwenye 2,700 huchubua ukingo wa mbele haraka. Agiza ukingo wa nikeli kama upo, na ukiingia mvuani shusha mizunguko mpaka 2,300 au chini ya hapo. Kwenye murram anza kutembea kwanza, kisha fungua throto polepole. Usipime injini ukiwa umesimama juu ya kokoto. Mkwaruzo mdogo uliobaki kwenye ngozi hujazwa kwa epoksi yenye nyuzi za pamba, ukapigwa msasa kwa umbo, kisha mizani ikapimwa upya. Ufa unaoingia kwenye mbao, au ngozi inayotoa sauti ya utupu ukiigonga kwa sarafu, huo si wa kujaza. Vua propela hiyo.

fundi_faiba

Moja nililosahau: usikate mwanya wa spina mpaka injini imekaa kwenye mpira wake kwa uzito wote, na propela au kitu cha uzito uleule kikiwa kimefungwa. Mpira hulala milimita kadhaa miezi ya kwanza na spina inashuka. Acha milimita 6, na upande wa juu wa spina uanze ukiwa juu kidogo kuliko koulingi.