Naomba ushauri: fanksheni moja ina mistari 600 na ushei, nianzie wapi kuikata?

MwanaWaTudor:
Assalaam aleikum wanajamvi. Nimeajiriwa majuzi kwa mawakala wa forodha hapa Mombasa, nikakabidhiwa mfumo ulioandikwa kwa lugha ya PHP unaopiga hesabu ya ushuru wa magari yanayoshuka Kilindini. Hesabu yote imo ndani ya fanksheni moja (kipande cha msimbo chenye jina lake), process(). Humo humo inakagua umri wa gari, inapiga ushuru, inaandika kwenye databesi, inamtumia mteja barua pepe na kuchapa invoisi. Aliyeiandika ameshaondoka. If imo ndani ya if, nayo imo ndani ya if nyingine. Nikifika chini nimeshasahau ya juu ilikuwa yauliza nini. Vigeuzi vyenyewe ni $a, $x2, $tmp. Bosi ataka kiwango kimoja tu kibadilishwe, nami naogopa kugusa. Niiandike upya yote? Nataka atakayekuja baada yangu aisome bila kuhangaika.

FundiKibokoni:
Wa aleikum salaam ndugu yangu. Usiiandike upya. Hiyo process() imebeba maamuzi ambayo hakuna anayeyakumbuka tena hapo ofisini, na ukianza na ukurasa mtupu utayapoteza.

Kabla ya kukata chochote, tafuta entri za zamani (rekodi za magari za forodha) ambazo ushuru wake ulishalipwa: saluni, pikapu, lori, na gari moja lililokataliwa kwa kupita miaka 8. Ziandikie testi (msimbo mdogo wa kuhakikisha jibu ni lile lile la zamani), ukitumia nakala ya databesi na barua pepe ukiwa umezizima, wateja wasije wakapokea invoisi za mwaka juzi. Testi zikipita, toa kipande kimoja, endesha testi tena, komiti (yaani hifadhi badiliko hilo peke yake). Halafu kingine. Kiwango cha bosi kisiingie kwenye komiti hizo, ama hesabu ikibadilika hutajua ni kwa sababu ya kiwango au ya kukata.

Anza na hesabu yenyewe. Ushuru wa forodha hupigwa juu ya CIF (bei ya gari pamoja na bima na nauli), ushuru wa bidhaa juu ya CIF pamoja na ushuru wa forodha, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) juu ya vyote hivyo. Msimbo nao useme hivyo hivyo:

$forodha = pigaUshuruWaForodha($cif);
$bidhaa = pigaUshuruWaBidhaa($cif + $forodha);
$vat = pigaVat($cif + $forodha + $bidhaa);

Mwenzako wa dawati la forodha, hata kama hajui PHP, ataisoma mistari hii na kukwambia kama mpango ni sawa. Kwa mimi hicho ndicho kipimo.

BintiLikoni:
Naunga mkono. Ila kaka, tahadhari na return, ile amri ya kutoka kwenye fanksheni. Ukihamisha kipande chenye return ndani yake, zamani kilikuwa kinatoka kwenye process() nzima. Sasa kitatoka kwenye fanksheni ndogo tu na kazi itaendelea. Gari la miaka 9 litakataliwa kisha lipigiwe hesabu! Fanksheni ndogo ijibu ndiyo au la, kama umriUnakubalika($gari), na uamuzi wa kutoka ubaki juu. Ukiuweka mwanzoni kabisa, zile if zako zitapungua tabaka zenyewe.

Kama una PhpStorm (programu ya kuandikia PHP), chagua mistari ubonyeze Ctrl+Alt+M, itakitoa kipande kiwe fanksheni. Yenyewe hutambua vigeuzi vinavyoingia na vinavyotoka.

MwanaWaTudor:
Shukran sana dada. Majina je, Kiswahili au Kiingereza? Na mfumo hautakuwa mzito kwa kuitaitana huku?

BintiLikoni:
Lugha mkubaliane ofisini, mradi msichanganye. Jina litaje kazi: sehemuYaPili() halimsaidii mtu. Ukiona komenti juu ya kipande, mara nyingi jina limo mle. Ukishindwa kukipa jina bila kuweka "na" katikati, kinafanya kazi mbili. Uzito usikusumbue, muda mwingi huishia kwenye databesi. Tena hitilafu ikitokea, logi itakutajia pigaVat badala ya mstari wa 412 wa process().

MzeeWaMakadara:
Vijana, msikate hadi mkapitiliza. Nimesoma misimbo ambayo kila fanksheni ina mistari miwili, ukitafuta hesabu unaruka faili kumi. Kipande kikihitaji vigeuzi saba kuingia, hapo si mahali pa kukata. Tafuta mpaka mwingine, au vigeuzi hivyo uvifunge kwenye objekti moja, kama kifurushi.

Na hicho kiwango cha bosi, mwanangu, usikiandike ndani ya hesabu. Mwaka 2020 VAT ya Kenya ilishuka kutoka 16% hadi 14%, Januari 2021 ikarudi. Entri ya Novemba 2020 ukiifungua leo lazima ikupe 14%. Tengeneza kiwangoChaVat($tarehe), isome jedwali.

MwanaWaTudor:
Nimeelewa mzee wangu. Kesho naomba entri za zamani kwa mhasibu, nianze na testi. Nikimaliza pigaVat nitaibandika hapa muikague, bila majina ya wateja.