Miaka 47, gita la umeme, vidole vimeisha. Tatizo ni mimi au gita?

Mzee wa Viazi (Uyole, Mbeya)
Wakuu, heshima kwenu. Napakia viazi hapa Uyole. Redio ya marehemu baba ilikuwa haikosi Mbaraka Mwinshehe, na tangu hapo nina kiu ya solo. Mwezi wa pili nikajitoa, nikanunua gita la umeme la mtumba na amplifaya ndogo ya wati 10.

Napiga usiku nikishafunga hesabu. Kodi (mikao ya vidole ya kupiga nyuzi kadhaa pamoja) za E, A na D zinakubali. F imenishinda kabisa: nikilaza kidole cha shahada kwenye nyuzi zote, nusu zinalia "tap tap" kama nagonga meza. Vidole vina malengelenge, juzi nimeshindwa hata kuhesabu noti mbele ya dereva wa fuso.

Halafu nikichomeka kwenye amplifaya, nyuzi mbili nyembamba zinapasua masikio, zile nne nene zinasikika kama mtu anaongea ndani ya pipa. Fundi redio mmoja kasema sumaku zimekufa, anataka elfu themanini. Nimpe?

Fundi wa Kihesa
Kamwene mkuu. Hela iache mfukoni kwanza. Nyuzi nene zina rangi gani?

Mzee wa Viazi
Dhahabu dhahabu hivi. Aliyeniuzia alisema kafunga mpya.

Fundi wa Kihesa
Basi kakufungia nyuzi za gita kavu, lile lisilotumia umeme. Ile sumaku chini ya nyuzi imezungushiwa waya mwembamba wa kopa. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake ndipo umeme unazaliwa, unakwenda kwenye amplifaya. Sasa nyuzi nene za gita kavu zimeviringishiwa bronzi, na sumaku haina habari na bronzi. Inaambulia chuma chembamba cha katikati tu. Zile mbili zako zinazopiga kelele ni chuma kitupu, ndiyo maana.

Na malengelenge yanatoka hapo hapo. Seti ya gita kavu mara nyingi huanzia unene wa inchi 0.012, ya umeme 0.009 au 0.010. Unashindana na waya wa fensi! Tafuta seti ya nikeli ya 0.009, rangi ya fedha. Badilisha uzi mmoja mmoja, usivue zote kwa mpigo. Shingo ikinyooka na nyuzi zikaanza kukwaruza freti (vile vyuma vilivyokatiza shingo) za mwanzo, legeza skrubu ya shingo robo mzunguko, upime, ulale, kesho uangalie tena.

Dada Ridhimu (Njombe)
Kaka, mimi nilianza na miaka 39 kwenye kwaya, na F ilinitoa machozi. Anza na F ndogo, nyuzi nne nyembamba tu: uzi wa nne freti ya 3, wa tatu freti ya 2, mbili za mwisho unazilalia na kidole kimoja freti ya 1. Kidole kikae ubavu kidogo, kisogee karibu na chuma cha freti.

Mwezi wa saba huku vidole vinakuwa kama vya kuazima, kwa hiyo nashika kikombe cha chai kwanza. Na ukilitoa gita kwenye baridi ukakaa nalo karibu na jiko, nyuzi zikipata joto sauti inashuka. Tuni upya, usidhani umesahau kupiga.

Solo ya Mbaraka iache kwanza. Kamata ridhimu.

Mzee wa Viazi
Ndaga fijo! Nyuzi zimekuja na basi kutoka Dar, nimefunga mwenyewe. Zote sita zinaongea sawa, F ndogo inalia vizuri. Mama watoto anasema afadhali ilivyokuwa mwanzo.

Ila ule mwembamba kabisa nimeukaza mpaka ukakatika, ukanichapa shavuni. Nimeurudishia ule wa zamani kwa muda. Mbeya hapa kuna anayeuza uzi mmoja mmoja, au lazima seti nzima?