Mimba hatarishi: mashine ya CTG kila hospitali ya wilaya, au kuna cha kutangulia?

Mleta mada

Wadau, kuna hoja inayorudi kila bajeti ya afya inapokaribia: kila hospitali ya wilaya ipewe mashine ya CTG, ile anayofungiwa mama mikanda miwili tumboni, nayo inatoa karatasi yenye mistari ya mapigo ya moyo wa mtoto. Wanaoitetea wanasema mama mwenye presha, kisukari au aliyewahi kufiwa na mtoto tumboni hawezi kuachiwa fitoskopu, ile pembe ya kusikilizia mapigo ya mtoto kwa sikio, kifaa kilichoanza na daktari Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895.

Mimi napinga. Vipimo navitaka, ila hiki kisikae mbele ya foleni.

Kwa mama mwenye presha, tatizo la mtoto mara nyingi huanzia kwenye kondo la nyuma. Kondo likichoka, damu ya kwenye kitovu inapita kwa shida: kati ya pigo na pigo mtiririko hupungua, kisha husimama, na hali ikiwa mbaya kabisa hurudi nyuma. Kipimo cha dopla, yaani ultrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu, huliona hilo mapema, mara nyingi siku kadhaa kabla mistari ya CTG haijaharibika. CTG inakueleza mtoto yukoje saa hii tu. Mapitio ya Cochrane, mtandao unaojumlisha tafiti za tiba, kuhusu mimba hatarishi hayakupata ushahidi kwamba CTG kabla ya uchungu inapunguza vifo. Kwa dopla ya kitovu, vifo vya watoto vilishuka kutoka kama 17 hadi 12 kwa kila 1,000, na upasuaji ukapungua pia.

Hata hivyo ultrasaundi kwa jumla nayo si dawa. Utafiti wa First Look ulipeleka ultrasaundi kwa wajawazito wa vijijini Kongo, Kenya, Zambia, Pakistan na Guatemala. Wahudumu wakafundishwa, wenye matatizo wakapewa rufaa. Matokeo ya 2018: vifo na hali mahututi, ukivijumlisha, havikubadilika.

Sasa tazameni hospitali ya Mnazi Mmoja, Zanzibar. Mradi wa PartoMa uliandaa mwongozo mfupi pamoja na wakunga na madaktari wa pale pale, ukaongeza semina za kurudiarudia. Watoto waliozaliwa wafu walishuka kutoka 59 hadi 39 kwa kila 1,000. Kilichobadilika ni jinsi wahudumu wanavyomfuatilia mama akiwa leba. Kwa hiyo hela ianze kwa mkunga wa usiku, ifuate dopla, CTG ije mwisho.

Daktari wa wodi ya wazazi

Mkuu, umechagua ushahidi. Majaribio ya CTG kabla ya uchungu katika mapitio hayo ni sita tu, wanawake kama 2,100, na mengi ni ya zamani sana. Kukosa ushahidi kwa idadi ndogo namna hiyo si sawa na kuthibitisha kwamba mashine haifai. Na hiyo ya Mnazi Mmoja ni kulinganisha kabla na baada, hakukuwa na kundi la pembeni la kulinganisha nalo.

Halafu umeongelea presha ukaruka kisukari. Mtoto wa mama mwenye kisukari anaweza kufa ghafla karibu na kujifungua huku dopla yake ikiwa nzuri tu. Na mama akija saa nne usiku anasema mtoto hajacheza tangu asubuhi, nimpime na nini? Mapigo ya fitoskopu yananiambia yuko hai, hayaniambii kama anachoka.

Mama wa watoto wawili

Jamani mnajadili mashine, mimi nina swali la kabla ya mashine. Mimba yangu ya pili ilikuwa ya presha. Nilikwenda kusema mtoto hachezi, nikaambiwa nile kitu kitamu, nilale ubavu, nirudi siku ya kliniki. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini mashine ingekuwepo ningefungiwa na nani, kama hata tumbo halikuguswa?

Mleta mada

Daktari, kwenye kisukari umenipata. Ningeiweka CTG kwenye hospitali za rufaa ambako hao akina mama wanalazwa. Kwenye mtoto kutocheza bado tunatofautiana. Jaribio la AFFIRM lilifanyika Uingereza na Ireland, mimba zaidi ya 400,000, hospitali zenye kila kitu. Wajawazito walihimizwa kuripoti mapema, hospitali zikawa na utaratibu wa kuwapima. Vifo vya watoto tumboni vilikwenda kutoka 4.40 hadi 4.06 kwa kila 1,000, tofauti ndogo ambayo inaweza kuwa bahati tu, huku upasuaji na kuanzishiwa uchungu vikiongezeka. Kwetu upasuaji wa ziada unakalia meza ileile anayoisubiri mwenye kifafa cha mimba.

Mama, mimi ningetaka kila wodi ibandike ukutani: anayesema mtoto hachezi harudishwi kabla hajapimwa presha na mapigo ya mtoto kusikilizwa kwa dakika nzima. Hilo halisubiri bajeti. Daktari, usiku mmoja wodini kwako mko wakunga wangapi, kwa wanaojifungua wangapi?

Daktari wa wodi ya wazazi

Wawili. Wanaojifungua hatuwachagui idadi.