Nina digrii ya uuguzi, nisomee masta gani? Nipo Bagamoyo

Nesi_Pwani: Habari zenu wakuu. Mi ni nesi, digrii nimesoma miaka 4, intan (mazoezi ya kazi baada ya digrii) nikafanyia hospitali ya Bombo Tanga, mtihani wa Baraza la wauguzi na wakunga nikapita leseni ninayo, sasa hivi nipo wodi ya wazazi hospitali moja huku Bagamoyo. Nataka masta ila sielewi nishike ipi, kuna ukunga, kuna ya wagonjwa mahututi, halafu afya ya jamii ambayo kila mtu ananambia ndo yenye hela za miradi. Leba naipenda toka moyoni ila naiti zimenichosha na nina mtoto mdogo. Mliotangulia naombeni mawazo.

Mama Chumbageni: Pole na majukumu mdogo wangu. Jiulize kwanza kama unataka kubaki na mgonjwa au kutoka kitandani, ndo njia zinapoachana hapo. Mi nilisoma ya mahututi pale Muhimbili miaka 2 na unaiva kweli, mashine ya kupumulia unaijua, mgonjwa wa ajali akiletwa unajua uanze na nini. Lakini angalia unarudi wapi, kama hospitali yako haina ICU unarudishwa wodi ya kawaida na masta yako na ule ujuzi unapotea hivihivi, inauma. Ukunga unafanya popote, wamama wanajifungua kila mahali na bado tunawapoteza kwa kutoka damu na kifafa cha mimba. Kama leba unaipenda hivyo usiiache kwa sababu ya hela.

Dunda: Mama kasema vizuri ila afya ya jamii msiitupe. Dada upo Bagamoyo, Ifakara, ile taasisi ya utafiti wa afya, wana kituo hapohapo, chanjo za malaria RTS,S na baadae R21 zimejaribiwa hapo, na kazi kubwa ya zile tafiti inafanywa na manesi, kumuelewesha mzazi mpaka asaini ridhaa akijua anasaini nini, kumfuatilia mtoto baada ya kuchomwa. Nenda kaongee nao kabla hujalipa ada. Ujue tu mradi ukifungwa na mshahara umeishia hapo.

Mkufunzi: Mbona ualimu hamjautaja? Naiti hakuna, na wanafunzi unawapeleka wodini mchana kwahiyo leba hujaiacha. Ila chochote utakachochagua, ruhusa ya mwajiri iwe ya MAANDISHI, matron kukubali kwa mdomo haitoshi, nimeona watu wamesimamishiwa mshahara wakiwa katikati ya masomo.

Nesi_Pwani: Asanteni sana, Mama Chumbageni shikamoo. Mkufunzi, ualimu sikuufikiria kabisa, nikiwa na masta ya ukunga napokelewa au mpaka nisomee ualimu?

Mkufunzi: Ya ukunga inatosha kuanzia, kufundisha utajifunza ukiwa kazini. Barua ya ruhusa iandike sasa hivi, usisubiri udahili ufunguliwe.