Tupeane uzoefu: Kijana akisema Yesu alifufuka "mioyoni tu", unaanzia wapi?

Mwanzisha mada, Umoja
Bwana asifiwe, wapendwa. Vijana wetu hapa Nairobi wanarudi kutoka vyuoni na theolojia ya kiliberali: eti kilichofufuka ni imani ya wanafunzi, kaburi halihusiki. Mnaofundisha vikundi vya Biblia, mnawajibu vipi? Kukemea tumekemea vya kutosha.

Mwalimu wa Katekisimu, Buruburu
1 Wakorintho 15:3-8. Usirukie mstari wa 14. Ukianza na "imani yenu ni bure" anasikia kitisho, na ushahidi bado hujampa. Mpe kalamu apigie mstari "niliwatolea" na "niliyoyapokea". Hiyo ni lugha ya mtu anayekabidhi fundisho alilokabidhiwa. Waraka uliandikwa Efeso mnamo mwaka 55, yapata miaka 25 baada ya msalaba. Sasa fungua Wagalatia 1:18-19: Paulo alikwenda Yerusalemu akakaa na Kefa (yaani Petro) siku 15, akamwona na Yakobo, ndugu wa Bwana. Rudi Wakorintho: wote wawili wamo katika orodha ya waliotokewa na Kristo! Na wengi wa wale zaidi ya 500 walikuwa hai, wa kuulizwa. Kisha mwonyeshe kwamba "alizikwa" imetangulia "alifufuka". Kinachozikwa ni mwili. Hapo "mioyoni tu" inakosa pa kukaa.

Shemasi, Kayole
Naongeza: msimsingizie mpinzani. Bultmann, mwanatheolojia Mjerumani ambaye vijana hawa humsoma vyuoni, alikuwa Mlutheri, na mwaka 1941 alidai kwamba anayetumia umeme na redio hawezi kuamini ulimwengu wa pepo na miujiza wa Agano Jipya. Ukimwita mpagani, kijana aliyemsoma hatakusikiliza tena. Muulize hivi: umeme umeonyesha wapi kwamba Mungu hafufui? Hilo ni shauri lililokatwa kabla Biblia haijafunguliwa. Na huyo "mtu wa kisasa" anayesemewa ni nani? Hapa mtu analipa nauli kwa M-Pesa asubuhi, Ijumaa usiku yuko kesha akiombea mgonjwa.

Mama Mchungaji, Rongai
Tahadhari kuhusu P52, kile kipande cha mafunjo kilichoko Manchester, kikubwa kidogo tu kuliko kadi ya benki, chenye maneno ya Yohana 18. Watu hutaja "mwaka 125" kana kwamba umeandikwa juu yake. Tarehe hiyo inakisiwa kwa mwandiko, na wataalamu wengine huisogeza mbele. Kinatusaidia kuonyesha kwamba Injili ya Yohana ilikwisha kunakiliwa mapema hadi Misri. Ufufuo hakiuthibitishi, usikibebeshe mzigo huo.

Mwanzisha mada, Umoja
Asanteni sana. Kikundi kiwe cha wangapi?

Mwalimu wa Katekisimu, Buruburu
Watatu hadi watano, saa moja. Na Biblia ziwe za karatasi, si za simu. Kwenye kioo mistari inakuja miwili mitatu, orodha ya mashahidi inakatika, na kulinganisha na Wagalatia kunakuwa kazi ya kurudi nyuma na mbele.